Vidole vyako vimetangulia: nchi zinaambiana nini kuhusu mwomba hifadhi?

Swali: "Wakili, shikamoo. Miaka mitatu iliyopita niliomba viza ya nchi moja ya Ulaya, nikanyimwa. Miezi tisa iliyopita niliingia kwa boti katika nchi ya pili, wakanichukua alama za vidole na kunisainisha karatasi ambazo sikuzielewa. Sikukaa, niliendelea na safari. Sasa nina mwezi mmoja katika nchi ya tatu na nimeomba hifadhi. Wenzangu kituoni wananiambia nikane yote mawili, niseme nimekuja moja kwa moja, kwa sababu nchi hizi haziambiani. Ni kweli? Na linaloninyima usingizi zaidi: serikali niliyoikimbia itaambiwa kwamba nimeomba hifadhi? Nimemwacha mama na wadogo zangu wawili huko."

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole kwa safari. Wenzako wanakupoteza. Siwalaumu, maana nao waliambiwa hivyo na waliowatangulia. Nchi za Ulaya zinaambiana mengi kuliko wanavyodhani, na zinaambiana mapema kuliko unavyodhani wewe. Kuhusu serikali uliyoikimbia mambo ni kinyume: sheria imeuziba mlango huo kwa nguvu, ingawa, kama nitakavyokueleza, upo uzembe ambao sheria haijaweza kuuzuia. Naanza na vidole, kwa kuwa hapo ndipo unapoweza kujiharibia kesi wiki hii hii.

Siku ulipoomba hifadhi uliwekeshwa vidole vyote kumi kwenye kioo cha mashine. Alama zile zilikwenda kwenye kanzidata iitwayo Eurodac, iliyoanza kazi tarehe 15 Januari 2003 na ambayo leo inaendeshwa na eu-LISA, wakala wa Umoja wa Ulaya wenye makao makuu Tallinn. Inatumiwa na nchi za Umoja huo pamoja na Norwei, Aislandi, Uswisi na Liechtenstein. Mashine inazilinganisha alama zako na zilizokwisha kuhifadhiwa, na kwa kawaida jibu hurudi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ofisa atakapokuuliza "Umepitia wapi?", huenda karatasi yenye jibu imo ndani ya faili lililo chini ya mkono wake. Njia uliyopita anaijua. Anachotaka kuona ni kama utaisema. Ukikana, hasara haiishii kwenye hoja ya safari: ataandika kwamba maelezo yako hayaaminiki, na neno hilo litatembea na faili lako hadi kwenye kurasa zinazoeleza kwa nini ulikimbia, huko ambako kuaminiwa ndiyo kesi yenyewe.

Viza uliyonyimwa nayo ipo. Mfumo wa taarifa za viza za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, unaojulikana kwa kifupi kama VIS, ulianza kazi 2011. Unahifadhi vidole, picha na maelezo ya fomu kwa miaka mitano, uwe umepewa viza au umenyimwa, na sheria inawaruhusu maofisa wa hifadhi kuupekua kwa kutumia vidole vyako. Miaka mitatu haijatosha kukufuta. Lakini sikiliza upande wa pili: kunyimwa viza hakukufungi na nchi ile. Nchi inayofungwa ni ile iliyotoa viza, mtu akaingia nayo. Wewe hukupewa, basi nchi ile ya kwanza haina jukumu la kushughulikia ombi lako la hifadhi kwa sababu hiyo.

Kinachoweza kukusumbua ni yale yaliyoandikwa kwenye fomu. Nimeona kesi nyingi ambamo fomu ya viza ilijazwa na dalali, akamwandikia mteja wake kazi ya benki ambayo hajawahi kuifanya, akamwozesha na kumzalia watoto kwa kalamu ili aonekane ana sababu ya kurudi nyumbani. Miaka inapita, mtu yule yule anaomba hifadhi na kusema hajaoa. Kijana mmoja niliyemsimamia alitumia karibu saa nzima ya mahojiano akieleza habari za mke ambaye hakuwahi kuwepo, na makovu yake mgongoni yakapata dakika kumi. Kama fomu yako ilikuwa na uongo wa namna hiyo, useme wewe mwenyewe kabla hujaulizwa, taja nani aliujaza na kwa nini, uendelee na habari yako. Ofisa mzoefu ameshakutana na fomu za madalali mara nyingi. Akiigundua mwenyewe, hataichukulia kwa wepesi huo.

Sasa karatasi ulizosainishwa pwani. Hapa nitakaa kidogo, kwani sehemu kubwa ya hatima yako ya karibu imo humo.

Ajabu ya Eurodac kwa miaka yote hiyo imekuwa ufupi wake. Chini ya kanuni ya 2013 haikutunza hata jina. Ilitunza vidole, jinsia, nchi iliyovichukua, mahali, tarehe na namba ya kumbukumbu, pamoja na mambo machache ya kiofisi. Kanuni mpya, namba 2024/1358, iliyopangwa kuanza kutumika tarehe 12 Juni 2026, inaongeza picha ya uso, majina, tarehe ya kuzaliwa, uraia na nakala ya pasipoti ikiwepo. Pia inashusha umri wa kuchukuliwa alama kutoka miaka 14 hadi 6, yaani mtoto ambaye hajang'oka meno ya utoto. Katika zama zote mbili, jambo ambalo watu wachache hulitazama ni ile namba ya kumbukumbu. Huanza na herufi za nchi, kisha tarakimu. Tarakimu 1 maana yake uliandikishwa kama mwomba hifadhi. Tarakimu 2 maana yake ulikutwa ukivuka mpaka wa nje bila kibali. IT1 na IT2 zote ni za Italia, GR1 na GR2 zote ni za Ugiriki, lakini kisheria ni mambo mawili tofauti.

Ukiwa na 1, uliomba hifadhi kule, hata kama hukujua kwamba karatasi ile ilikuwa ombi. Alama zako zinahifadhiwa miaka 10, na nchi uliyopo itaiambia ile ya pili: mchukueni mtu wenu, kesi yake mliianza nyinyi. Ukiwa na 2, hukuomba chochote, uliingia tu. Chini ya kanuni ya 2013 alama za kundi hili zilikaa miezi 18 tu, na kanuni mpya inazifikisha miaka mitano. Jukumu la nchi ya kuingilia lilikuwa linakwisha miezi 12 baada ya kuvuka mpaka, chini ya sheria iitwayo Dublin III, ya mwaka 2013, inayoamua ni nchi ipi ishughulikie ombi la hifadhi. Sheria mpya inayochukua nafasi yake inairefusha hadi miezi 20. Sheria ipi inakuhusu inategemea tarehe uliyoomba, na wakili wako ataliona hilo kwenye barua ya kwanza tu. Ninachotaka wewe ujue ni kwamba hesabu hizi zipo, na kwamba miezi tisa yako imo ndani ya zote mbili.

Vidole vikilingana, nchi uliyopo inatuma ombi kwa nchi ya pili kupitia mtandao wa siri unaoitwa DubliNet. Chini ya Dublin III ina miezi miwili ya kulituma tangu ilipopata jibu la Eurodac. Ikichelewa, kesi inabaki kwake. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya mwomba hifadhi kutoka Eritrea dhidi ya Ujerumani, iliamua kwamba mwombaji mwenyewe anaweza kusimama mahakamani akadai muda umepita. Si jambo la serikali mbili kumalizana juu ya kichwa chake. Na nchi ya pili isipojibu kwa wakati, kimya chake kinahesabiwa kuwa imekubali. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu watunze kila barua na bahasha yake. Muhuri wa tarehe umewahi kushinda kesi ambayo hoja za mawakili ziliishindwa.

Tena, vidole kulingana si hukumu. Kabla ya kuangalia mpaka uliovuka, sheria inaangalia familia. Kama una mume, au una mtoto mdogo, ambaye amepewa hifadhi au anasubiri jibu la ombi lake katika nchi mojawapo, hilo linatangulia. Na kama hali ya nchi ya pili ni mbaya kiasi cha kumdhalilisha binadamu, kukurudisha huko kunaweza kuwa kosa. Tarehe 21 Januari 2011, katika kesi ya M.S.S., Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliitia Ubelgiji hatiani kwa kumpeleka Mwafghani mmoja Ugiriki, alikowekwa kizuizini katika hali mbaya na kisha kulala nje. Kwa hiyo eleza yaliyokupata kule pwani: ulilala wapi, ulipata daktari au hukupata, ulipigwa au hukupigwa. Watu wengi huacha kuyasema haya kwa sababu wanaogopa kukiri kwamba walipita. Unaona jinsi uongo unavyokunyang'anya hata hoja yako mwenyewe.

Yapo mashauri mengine mawili utakayopewa kituoni. La kwanza ni kuchoma ncha za vidole au kuzisugua. Ngozi huota tena, na michirizi ileile hurudi. Ofisa anachofanya ni kusubiri, na wakati huo ameshaandika kwamba umekataa kutoa ushirikiano. La pili ni kutoroka kituoni hadi muda uishe. Muda wa kukuhamisha kwa kawaida ni miezi sita tangu nchi ya pili ikubali. Ukitoroka, Dublin III inaufikisha miezi 18, na sheria mpya hadi miaka mitatu. Wapo waliofaulu kujificha, sikatai. Nimewaona pia wakiugua bila kadi ya matibabu na wakifanya kazi kwa tajiri asiyewalipa, maana anajua hawana wa kumshtaki kwake.

Sasa yale ambayo hayasafiri. Kisa chako, yaani kilichokukuta na kilichokukimbiza, hakikai ndani ya Eurodac hata kidogo. Chini ya Dublin III, kifungu cha 34, nchi moja ikitaka kujua kutoka kwa nyingine sababu ulizotoa ulipoomba hifadhi, inahitaji idhini yako ya maandishi, na lazima ujue ni taarifa gani hasa unaiidhinisha. Wengi wameisaini idhini hiyo katikati ya rundo la fomu. Ukiletewa, ulizia inaombwa kutoka nchi gani na inaomba nini, kisha amua. Mara nyingine inakusaidia: kama kule pwani ulieleza mambo yale yale unayoeleza leo, maelezo ya zamani ni shahidi wako. Kama kesi yako imeangukia kwenye sheria mpya, mwombe wakili akuoneshe kifungu kilichochukua nafasi hiyo, usibahatishe.

Nahisi mmoja wa wenzako ameshakwambia usahau Ulaya, uvuke tena kwenda Uingereza, au uruke hadi Kanada. Ni kweli kwamba Uingereza haimo tena kwenye Eurodac wala Dublin tangu tarehe 1 Januari 2021, ilipomaliza kutoka katika Umoja wa Ulaya. Hapo wengi huishia, wakadhani wamefika penye giza ambapo hawaonekani. Uingereza imo katika kundi la nchi tano pamoja na Marekani, Kanada, Australia na Nyuzilandi, ambalo tangu 2009 lina utaratibu wa kulinganisha vidole vya wahamiaji. Mwanzoni zilikuwa alama elfu chache tu kwa mwaka kati ya nchi na nchi. Leo upekuzi huo umekuwa jambo la kawaida. Nchi moja inatuma alama bila jina, nyingine inatafuta, na vikilingana tu ndipo zinaambiana jina, picha, tarehe na uamuzi uliotolewa. Kanada na Marekani zimekwenda mbali zaidi, maana tangu 2003 zina makubaliano yanayohusu maombi ya hifadhi yenyewe.

Na kuambiana huko kuna meno. Kanada ilibadilisha sheria yake 2019: aliyewahi kuomba hifadhi katika mojawapo ya zile nchi nyingine nne, ombi lake halipelekwi tena kwenye bodi ya wakimbizi kama maombi mengine, bali anapimwa kwa utaratibu mwingine wa kuangalia hatari iliyopo akirudishwa. Mpakani kati ya Kanada na Marekani kuna mkataba wa nchi salama ya tatu, uliosainiwa 2002 na kuanza 2004, na tangu tarehe 25 Machi 2023 unahusu mpaka wote wa nchi kavu, hata porini, kwa anayeomba hifadhi ndani ya siku 14 tangu avuke. Siyasemi haya kukukatisha tamaa. Nataka tu uone kwamba kila ukiongeza nchi, unaongeza faili, na kila faili lina tarehe zake, tahajia yake na makosa yake.

Makosa hayo ya tahajia si jambo dogo. Mkalimani wa kwanza aliandika jina la babu yako kama jina la ukoo, wa pili akaliacha, wa tatu akageuza herufi moja. Kama hukujua tarehe yako ya kuzaliwa, ulipewa 1 Januari, kama maelfu ya wakimbizi duniani ambao kwenye karatasi wamezaliwa siku moja. Mafaili yakikutana, vidole vinasema ni mtu mmoja na karatasi zinasema ni watatu, na neno linaloandikwa ni "majina bandia". Nenda na orodha yako uliyoiandika mwenyewe: jina langu ni hili, linaandikwa hivi, pwani waliliandika vile kwa sababu hii.

Naja kwa mama yako.

Nchi uliyoomba hifadhi hairuhusiwi kumwambia unayemkimbia kwamba umeomba. Ulaya imeliandika hilo wazi katika agizo lake la 2013 kuhusu taratibu za hifadhi, kifungu cha 30: maofisa wasimwambie anayedaiwa kukutesa habari za ombi lako, na wasitafute habari kwake kwa namna itakayomfanya ajue kwamba umeomba, au itakayoiweka hatarini familia yako iliyobaki nyumbani. Umesikia: familia imetajwa. Marekani ina kanuni yake ya usiri wa maombi ya hifadhi. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lilitoa maoni ya kisheria Machi 2005 likisisitiza kwamba taarifa za mwombaji zisifike kwa nchi yake, wala isijulikane tu kwamba ameomba. Maoni yale yaliandikwa kwa ajili ya Japani. Mwaka uliotangulia, maofisa wa Japani walikuwa wamesafiri hadi Uturuki kuhakiki habari za Wakurdi walioomba hifadhi, wakafika hadi kwa familia zao. Maofisa wale walidhani wanafanya uchunguzi makini. Kwa mama anayebishiwa hodi na wageni walioongozana na polisi wa nchi yake, uchunguzi huo una jina jingine.

Huko ndiko ninakoogopa mimi: kwenye watu, maana kanzidata yenyewe kifungu kimeifunga. Eurodac chini ya kanuni ya 2013 inakataza taarifa zake kupelekwa nchi zilizo nje ya mfumo. Kanuni mpya inalegeza kidogo kwa ajili ya kuwarudisha waliokataliwa, lakini hata humo imekatazwa kutaja kwamba mtu aliomba hifadhi. Lakini Februari 2014 idara ya uhamiaji ya Australia iliweka mtandaoni kwa bahati mbaya faili lenye majina ya watu zaidi ya elfu tisa waliokuwa kizuizini. Novemba 2022 idara ya uhamiaji na forodha ya Marekani, ICE, ilifanya vivyo hivyo kwa watu 6,252, wengi wao wakiwa wameomba ulinzi. Hakuna aliyekusudia, na mwenye jina lake kwenye orodha hilo halimsaidii. Mfano mwingine si wa bahati mbaya: Juni 2021 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza kwamba taarifa za Warohingya walioko Bangladeshi, zilizokusanywa katika uandikishaji uliofanywa pamoja na UNHCR, zilikabidhiwa na serikali ya Bangladeshi kwa Myanmar, nchi ile ile waliyoikimbia, ili wahakikiwe kwa ajili ya kurudishwa. UNHCR ilijibu kwamba watu walielezwa na kuombwa ridhaa. Waliohojiwa na watafiti, karibu wote, walisema hawakuombwa. Tangu hapo, kila mteja wangu akiambiwa "weka tiki hapa", namwambia aulize tiki hiyo inakwenda kwa nani.

Katika kesi za kawaida kama yako, habari huvuja kwa njia tatu, na hakuna hata moja yenye kompyuta kubwa. Ya kwanza ni uhakiki wa nyaraka. Ukitoa hati ya kukamatwa au hukumu ya mahakama, baadhi ya nchi humtumia wakili wa kuaminika kupitia ubalozi wao ili aangalie kama hati hiyo ni halisi. Kazi hiyo hufanyika vizuri, na hufanyika vibaya. Ukiwasilisha hati kama hiyo, mwambie wakili wako aiandikie ofisi kuuliza itahakikiwa vipi, na aeleze kwamba una familia nyumbani. Uliza mapema, baada ya hapo huwezi kurudisha maneno.

Ya pili ni mtu mwenyewe. Mwomba hifadhi anakwenda ubalozi wa nchi yake kuhuisha pasipoti, anajaza anwani yake mpya ya kituo cha waomba hifadhi, kisha anashangaa nyumbani wamejua. Tena anajiumiza mara mbili, kwa sababu Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 1C, unasema anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kuacha kuwa mkimbizi. Ofisa atauliza: kama wanakutafuta, uliingiaje ubalozini kwao ukatoka salama? Usiende bila kumwuliza wakili, hata kama ni kwa cheti cha kuzaliwa.

Ya tatu ni jamaa na wakalimani. Katika miaka yangu ya kazi, siri za wateja zilizofika nyumbani na mimi nikajua zilivyofika, nyingi zilisafiri kwa simu: picha ya kituo iliyotumwa kwenye kundi la familia, binamu aliyemsimulia rafiki, mkalimani aliyetoka kabila moja na mteja na mdomo usio na kifuniko. Una haki ya kumkataa mkalimani usiyemwamini. Sema mwanzoni mwa mahojiano, taja sababu kwa heshima, na hakikisha imeandikwa.

Inabaki hatua moja ambapo nchi yako lazima iambiwe jambo fulani: ukikataliwa kabisa, rufaa zote zimekwisha, na huna pasipoti. Hapo nchi uliyopo itawasiliana na ubalozi wako upewe hati ya kusafiria. Inatakiwa kutoa jina, picha, tarehe ya kuzaliwa, vitu vya kukutambulisha tu. Kwamba uliomba hifadhi haipaswi kutajwa. Kama kesi itafika huko, na naomba isifike, wakili wako aombe kuona kilichoandikwa kwenye barua hiyo. Lakini wakati ombi lako bado halijaamuliwa, mawasiliano ya namna hii na nchi unayoikimbia hayafai kufanyika, na ukisikia yamefanyika ni hoja mpya ya kisheria, kubwa kuliko nyingi ulizonazo.

Ipo pia taarifa isiyo na jina lako ambayo nchi hubadilishana kila siku, na ina nguvu ya kimyakimya: ripoti za hali ya nchi unayotoka. Serikali zimekuwa zikikutana Geneva kuzungumzia uhamiaji na hifadhi katika jukwaa lao wenyewe tangu 1985, na Ulaya ina wakala wake wa hifadhi huko Malta, EUAA, unaoandika ripoti hizo na kuzichapisha. Kisa chako kitawekwa kando ya ripoti. Ikisema eneo lenu ni tulivu, na wewe ulichomewa nyumba huko, ripoti itaonekana kujua zaidi yako. Zisome wewe na wakili wako kabla ya mahojiano, na pale zinapopitwa na wakati au kukosea kijiji, lete gazeti, picha, jina la barabara.

Mwisho, omba faili lako. Ndani ya Umoja wa Ulaya sheria ya data binafsi inakupa haki ya kujua taarifa gani zako zinatunzwa, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya mwezi mmoja, ingawa inaweza kujiongezea miwili kazi ikiwa ngumu. Huna haja ya kueleza kwa nini unataka. Omba mambo matatu: rekodi yako ya Eurodac pamoja na namba ya kumbukumbu, rekodi ya viza, na barua zote zilizotumwa na kupokelewa kupitia DubliNet. Ukikuta kosa, una haki ya kudai lirekebishwe, na ukigomewa kuna mamlaka ya ulinzi wa data katika kila nchi unakoweza kulalamika. Usingoje majibu hayo ndipo ukate rufaa dhidi ya uamuzi wa kukuhamisha. Muda wa rufaa ni mfupi. Sheria mpya inazitaka nchi ziweke kati ya wiki moja na wiki tatu.

Na zile karatasi za pwani, kama bado unazo, hata zikiwa zimelowa na kuchanika, zipige picha leo zote mbele na nyuma, uzipeleke kwa wakili kabla ya siku ya mahojiano. Tafuta pembeni, mara nyingi juu kulia au chini kabisa, herufi mbili za nchi na tarakimu inayofuata. Ukiipata, niandikie ni 1 au 2, na tarehe iliyo karibu nayo.